Drili ya mezani au rauta: fundi wa Bagira, Bukavu, aanze na ipi?

Kama kazi yako ni milango, madirisha na vitanda, nunua rauta. Kama ni mageti, bawaba na vipuri vya chuma, nunua drili ya mezani. Mwenye haraka anaweza kuishia hapo na kushuka zake sokoni Kadutu na fedha mfukoni.

Lakini wengi wanaouliza swali hili hawako upande mmoja. Asubuhi fundi anaweka kitasa kwenye mlango wa mvule, mchana kijana wa pikipiki anamletea kipande cha alumini kilichovunjika, jioni mama wa jirani anataka meza yenye droo. Ateliye ni kibanda nyuma ya nyumba, na fedha alizoweka zinatosha mashine moja tu. Basi anataka mashine hiyo moja imfanyie na kazi ya freza: kuchimba mifereji, kupanua matundu, kusawazisha uso kwa kisu kinachozunguka. Ameona kwenye simu mtu wa Ulaya au China akifunga jiliwa ya kusogea pande mbili chini ya drili ya mezani, akichonga chuma kama siagi, na moyo umemruka.

Hakuna hata moja kati ya hizi mbili iliyo freza. Kila moja inaweza kuibia kazi ya freza kidogo, na kila moja inaiba upande wake. Ukielewa nguvu inatoka wapi na inakwenda wapi, hutahitaji mtu wa kukuchagulia.

Drili ya mezani imeundwa kupokea nguvu ya kushuka. Unavuta mkono, ekseli inateremka, ncha inaingia, beringi zinabeba uzito uleule zilioandaliwa kuubeba. Tazama sasa mandreni, ile sehemu inayobana ncha. Kwenye drili nyingi ndogo haikufungwa kwa skrubu wala kwa pini. Ncha yenye umbo la koni imeingia kwenye tundu la koni, zikashikana kwa msuguano basi. Unapotoboa, kila ukibonyeza unazidi kuikaza. Ukianza kusukuma kipande kwa upande ili kisu kichonge mfereji, kisu kinapigapiga, mtikisiko unailegeza koni, na mandreni inaweza kudondoka mbele yako ikiwa bado inazunguka, kisu kikiwa ndani yake. Freza halisi ina boliti ndefu inayopita katikati ya ekseli kutoka juu na kukivuta kishikio cha kisu kisishuke. Drili yako haina boliti hiyo, na jiliwa hata iwe nzuri kiasi gani haitaileta.

Kuna tatizo la pili, la kimyakimya zaidi. Mandreni hushika kwa meno matatu, na shina la kisu cha freza ni gumu na laini kama kioo. Kwa kuwa makali ya kisu hicho yamejipinda, kinapokata kinajivuta chenyewe kuelekea kwenye kipande. Meno yanaachia kidogo, kisu kinashuka kidogo, na mfereji ulioanza na kina cha milimita 2 unamalizika na 4. Fundi analaumu mkono wake bure.

Kwa hiyo drili ya mezani itoboe. Kwenye plastiki au mbao laini unaweza kuidanganya kwa kugusagusa tu. Kwenye chuma, achana na wazo hilo.

Rauta ni kinyume chake. Kisu kinashikwa na kibano kinacholizunguka shina lote, nati inakikaza, na beringi zimekaa tayari kwa nguvu ya upande kwa sababu ndiyo kazi yake. Hata hivyo mwendo wake ni wa kutisha: rauta nyingi huzunguka mara 8,000 hadi zaidi ya 25,000 kwa dakika, wakati drili ndogo ya mezani huwa kati ya 500 na 3,000. Ubao unapenda kasi hiyo. Alumini inaivumilia kwa masharti. Chuma hakiitaki kabisa. Ncha ya milimita 10 ikitoboa chuma cha kawaida inataka mizunguko kama 800 kwa dakika. Peleka kisu cha upana huohuo kwenye chuma kwa mizunguko 20,000, na makali yake yatakuwa yakikimbia zaidi ya mita 600 kwa dakika. Utaona cheche, utasikia harufu, na kisu kimekwisha.

Kuna tofauti nyingine ambayo wauzaji hawaitaji, nayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote kwa seremala. Kwa drili ya mezani, kazi inapelekwa kwenye mashine. Kwa rauta, mashine inapelekwa kwenye kazi. Mlango wa mita 2 utausimamisha vipi chini ya drili ambayo kutoka nguzo hadi katikati ya ncha ni sentimita 10 au 12? Hausimami. Rauta unaibeba, unaipandisha juu ya mlango uliolazwa kwenye vigoda viwili, kazi inafanyika uani.

Tuje kwenye umeme, kwa sababu hapa Bagira huwezi kuchagua mashine kwa kusoma karatasi yake tu. Tunaishi karibu na mto Ruzizi, unaozalisha umeme wa nchi tatu. Kituo cha Ruzizi I tulikirithi kutoka miaka ya mwisho ya Wabelgiji, Ruzizi II kilianza mwaka 1989 kwa ajili ya Kongo, Rwanda na Burundi, na bado shirika la umeme, SNEL, likirudisha umeme jioni taa inakuwa na rangi ya chai. Mita inaposoma volti 176 badala ya 220, mashine hizi mbili hazitaabiki sawa.

Mota ya drili ya mezani kwa kawaida haina brashi. Ni mota tulivu, ya kudumu, lakini nguvu yake ya kuzungusha hushuka kwa mraba wa volti. Volti ikipungua kwa sehemu moja ya tano, nguvu hiyo inabaki asilimia 64 tu. Utabonyeza swichi, mota itanguruma bila kuzunguka, na ukiiacha ingurume hivyo kwa dakika chache, waya za ndani zinaungua. Kanuni ni rahisi: ikinguruma bila kuanza, zima hapohapo. Usiisaidie kwa kuzungusha mandreni kwa mkono, kama nilivyoona vijana wakifanya.

Mota ya rauta ni ya brashi, ukoo mmoja na ile ya grainda. Volti ikishuka inapunguza mwendo, inalia kwa sauti ya chini, lakini inaendelea. Wewe punguza kina unachokata. Udhaifu wake ni brashi zenyewe, vile vipande viwili vya kaboni ambavyo huisha. Nunua jozi ya akiba siku unayonunua mashine, maana baada ya mwaka mmoja huenda usipate za kipimo hicho sokoni.

Wenye jenereta nao wapige hesabu vizuri. Mota isiyo na brashi ikianza huvuta umeme mara nne hadi sita ya unaoutumia ikishaanza. Drili ya wati 500 inaweza kuizimisha jenereta ndogo ya wati 950 ambayo kwa karatasi inaitosha. Ongeza na mwinuko wetu: Bukavu iko kwenye mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini ya petroli hupoteza karibu asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100. Jenereta ya wati 2,000 kwetu ni ya 1,700. Rauta ndogo ya wati 700 inaanza juu yake bila shida. Ile kubwa ya wati 2,000 haitapumua. Na wenye sola, angalieni inveta: zile za bei rahisi zinazotoa wimbi la ngazingazi huzipasha moto mota za drili na kuzichanganya akili swichi za kubadilishia mwendo za rauta.

Kwa haya peke yake, mtu wa mbao anayeishi Bagira angechukua rauta ndogo au ya kati, na hapo nasimama.

Sasa niioneshe ikifanya kazi. Chukua kitasa cha kuzamisha ndani ya mlango. Sanduku lake huwa na unene wa milimita kama 15 na linaingia ndani sentimita 8 hivi. Kisu cha kawaida cha rauta hakifiki huko, na anayekwambia rauta inamaliza kazi yote hajawahi kuifanya. Chora mstari wa katikati kwenye ukingo wa mlango. Kwa drili ya mkono na ncha ya 16, toboa matundu yanayofuatana, yakigusana, ukiwa umefunga utepe kwenye ncha ili ujue pa kusimama. Safisha kuta kwa patasi. Hadi hapo ni kazi ya babu zetu. Rauta inaingia sasa, kwa bamba la mbele la kitasa, ambalo linatakiwa kuzama milimita 3 tu na kulala sawa na mbao. Kata kiolezo cha tripleksi chenye tundu la umbo la bamba, kifunge kwa klampu mbili, tumia kisu chenye beringi inayotembea kwenye ukuta wa kiolezo, na kwa muda wa kunywa chai umepata kitanda safi ambacho patasi ingekichukulia nusu saa. Kiolezo hichohicho kitafanya milango yote ya nyumba. Tengeneza kingine cha bawaba. Baada ya hapo hata kijana wa kujifunza anaweza kuachiwa sehemu hiyo.

Upande wa kusukumia si wa kubahatisha. Kisu cha rauta kinazunguka kama saa ukikitazama kutoka juu. Ukitembea kwenye ukingo wa nje wa ubao, zunguka kinyume cha saa. Ukiwa ndani ya tundu, zunguka kama saa. Hivyo mashine inapingana na mkono wako, nawe unaitawala. Ukigeuza, kisu kinapanda juu ya ubao na kukuvuta, na kwenye mbao ngumu kinaweza kukupokonya mashine. Kina cha kila mpito kisizidi nusu ya upana wa kisu: kisu cha 6, milimita 3. Mara nyingi kinachounguza ubao ni kusimama. Mkono ukisita, kisu kinasugua mahali pamoja na ubao unageuka mweusi.

Mbao zetu zina tabia zake. Mikaratusi ya Kabare na Walungu mara nyingi inauzwa ikiwa bado mbichi. Ukiichonga mfereji leo, wiki mbili baadaye mfereji umejikunja. Isubiri ikauke, au ufanye nayo kazi ambayo haitajali. Mvule una hila nyingine: mti wenyewe hutengeneza ndani ya mwili wake mawe ya chokaa, mengine madogo kama punje ya mchele, mengine makubwa, na huyaoni kwa nje. Kisu cha kabaidi kikikutana na jiwe hilo kwa mizunguko 20,000 kinamegeka. Kabla ya kuingiza kisu kizuri kwenye mvule, pitisha randa na uipime kwa sikio. Ikikwaruza kama imegusa changarawe, toa jiwe kwa patasi ya zamani kwanza.

Na vumbi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao mwaka 1995 kwenye kundi la kwanza, la vitu vinavyothibitika kuleta saratani kwa binadamu, hasa ya pua. La mvule, zaidi ya hayo, huwasha ngozi na kubana kifua kwa wengine. Rauta hutoa vumbi laini kwa wingi. Kitambaa cha kujifunga puani hakizuii kitu. Tafuta barakoa yenye kichujio, fanya kazi nje, na usiwaache watoto wakicheza kwenye rundo. Kuhusu kelele sina dawa ya ajabu: nyumba za Bagira zilipangwa mistari, ukuta kwa ukuta, na rauta inapiga kelele ya kuchosha. Weka vizibo masikioni, na patana na majirani kuhusu saa. Ukianza saa kumi na mbili asubuhi Jumapili, shauri yako.

Yule kijana wa pikipiki na alumini yake sikumsahau. Rauta inaweza, ukikubali kwenda polepole. Shusha mwendo hadi kiwango cha chini cha mashine, tumia kisu cha kabaidi chembamba chenye jino moja au mawili, na kata nusu milimita kwa mpito. Alumini hupenda kuyeyuka na kuganda kwenye makali, na ikishaganda kisu hakikati tena, kinasukuma tu. Dawa yake ni ulainisho: sugua mshumaa kwenye kisu na kwenye kipande, au paka mafuta ya taa kwa brashi ndogo. Kidogo sana, maana brashi za mota zinatoa cheche na mafuta yanawaka. Mshumaa ni salama zaidi, nami ndio ninaoupendelea. Kipande kifungwe kwenye ubao kwa skrubu au klampu, kamwe kisishikwe kwa mkono. Vaa miwani: vipande vya alumini vinaruka kama sindano za moto.

Kipande kikiwa cha chuma, rudi kwa njia ya wazee. Toboa matundu yanayofuatana kwa drili, kata madaraja yaliyobaki kati yake kwa msumeno wa chuma, malizia kwa tupa. Mtu mwenye tupa nzuri na subira anatoa mfereji ambao utapita kipimo cha kazi nyingi za mtaani. Panapotakiwa usahihi wa kweli, kama njia ya pini kwenye shafti ya kinu cha kusagia mihogo, peleka mjini kwa fundi mwenye mashine ya kukereza na freza. Lipa, uende nyumbani na vidole vyako vyote.

Kwa nini basi mtu wa chuma anunue drili ya mezani? Kwa sababu tundu lililonyooka ni nusu ya kazi ya chuma. Drili ya mkono kwenye bamba la milimita 8 inayumba, inavunja ncha, inachosha mabega. Ya mezani inateremka wima kila mara, na kwa mwendo wa chini chuma kinatoka kwa utepe mrefu badala ya vumbi la moto. Fundi wa mageti anayetoboa matundu arobaini kwa siku atairudisha fedha yake mapema. Ashike mambo machache: jiliwa ifungwe kwa boliti kwenye meza, glavu zivuliwe, mikono mirefu ikunjwe, kitenge na nywele ndefu zifungwe nyuma, na ufunguo wa mandreni usiachwe ndani yake hata kwa sekunde. Msimu wa mvua, kuanzia Septemba, meza ya chuma ipanguswe kwa kitambaa chenye mafuta kila jioni, la sivyo asubuhi ina kutu.

Dukani, usiridhike na rangi. Kwa drili ya mezani, omba kipande cha chuma cha mviringo kilichonyooka, kibanwe kwenye mandreni, kizungushe kwa mkono karibu na ncha ya kalamu iliyosimama. Nafasi kati ya kalamu na chuma ikifunguka na kufunga kwa macho, iache. Kisha vuta ekseli ishuke yote na uisukume kwa upande: ikicheza, iache pia. Kwa rauta, ambayo wauzaji wetu huiita kwa Kifaransa défonceuse, uliza upana wa kibano. Kuna cha milimita 6 na kuna cha robo inchi, yaani 6.35, na macho hayatofautishi. Kisu cha 6 kwenye kibano cha 6.35 kitakazika, kitaonekana kimeshika, halafu kitachomoka kikiwa kwenye mwendo. Nunua vibano na visu vya mfumo mmoja. Unapofunga, ingiza shina hadi chini kisha lirudishe milimita 2, ndipo ukaze.

Kwa mashine za okazioni kutoka nje, soma bamba lake kabla ya bei. Ikiandikwa volti 110 au 120, umeme wetu utaiua kwa sekunde chache. Mota ya drili iliyoandikwa Hz 60 itafanya kazi kwenye 50 zetu ikiwa volti ni sawa, ila itazunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita, na itapata moto zaidi.

Fedha za rauta zisiishe kwenye rauta. Bakiza za visu vitatu vya kabaidi (kilichonyooka cha 6, kilichonyooka cha 12, na chenye beringi), klampu nne, miwani na barakoa. Visu vya seti ya vipande kumi na vitano kwenye sanduku la rangi ni vya kupamba ukuta. Visu vikubwa vya upana wa sentimita 5 viache hadi uwe na meza ya rauta na swichi ya kupunguza mwendo: kwa mizunguko 24,000 ukingo wa kisu hicho unakimbia mita 63 kwa sekunde, na hilo si la kushika mkononi.

Meza ya rauta utaijenga mwenyewe kwa tripleksi nene, tundu katikati na ubao ulionyooka wa kuegemea. Na kama jirani yako ni welda mwenye drili ya mezani, patana naye mapema: wewe umchongee violezo na vipini, yeye akutobolee vyuma. Andikeni kwenye daftari nani amemfanyia nani nini, kwa sababu mwisho wa mwezi kila mmoja hukumbuka alichotoa.